Mpunga Wetu, Wadudu Wake, na Dawa Tunazozinunua

(Maneno yaliyosemwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika kijitabu hiki kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri imeniagiza nieleze habari ya wadudu wa mpunga na dawa za kuwaulia, kwa sababu leo lipo mbele yetu shauri la kutoa fedha katika mfuko wa chama ili zinunuliwe dawa nyingine kwa ajili ya masika yajayo. Mimi si bwana shamba. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini mwaka uliopita mimi ndiye niliyetumwa kununua dawa, na kwa hiyo yanipasa nitoe hesabu. Hesabu ya shilingi mtaiona katika kurasa za mweka hazina. Hesabu nitakayoitoa mimi ni ya mambo yaliyotokea baada ya shilingi hizo kutumika.

Wengi wetu twaishi pande hizi za bara ya Mombasa, na riziki yetu ya kila mwezi yatoka bandarini, viwandani, maofisini na baharini. Hata hivyo mpunga haujatutoka. Mama zetu na shangazi zetu wangali wanalima mabondeni upande wa Kwale, na wako wenye vipande vyao kusini zaidi, kuelekea Vanga, ambako mto Umba hunywesha mashamba. Mpunga huo ndio wali wa arusi na wa matanga, tena ndio akiba ya nyumba mwezi ambao mshahara haukutosha. Kwa hiyo shauri la leo si dogo, nami sikusimama hapa kulifanyia mzaha.

Katika masika yaliyopita, yapata majuma matatu baada ya kupandikiza miche, ilitufikia habari kwamba majani ya mpunga yameingia michirizi meupe, na mengine yamekauka ncha. Halmashauri ilishtuka, nami nilishtuka. Tulisema kama walivyosema wahenga, dawa ya moto ni moto. Nikapewa fedha, nikaenda dukani. Mwenye duka alinipimia dawa kutoka katika dumu kubwa, akaitia katika chupa tano za soda, akaniambia kwamba dawa hiyo yaua kila kitu. Neno lile lilinifurahisha sana siku ile. Leo ndilo neno linalonitia hofu.

Kijana mmoja, mwana wa mwanachama mwenzetu, alijitolea kupuliza. Alibeba pampu mgongoni, miguu mitupu, mikono mitupu, uso wazi, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Alifanya kazi tangu asubuhi hata saa saba ya mchana. Ilipofika saa tisa alianza kutoka jasho jingi na mate, akatapika, na mikono yake ikawa inatetemeka. Tukamkimbiza hospitali. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Ni dawa gani?" Nami, karani wa chama, niliyeandika bei ya kila chupa na nauli ya kwenda na kurudi, sikuwa na jibu. Jina la dawa sikuliandika kwa kuwa sikulijua, na sikulijua kwa kuwa sikuliuliza. Chupa zenyewe zilikuwa na picha ya soda.

Namshukuru Mungu kwamba kijana yule alipona, naye yumo humu ukumbini pamoja nasi. Lakini tangu siku ile swali la daktari halijaniacha, nami nimekuwa nikiwauliza mabwana shamba na kusoma vitabu vya kuazima, ili nipate kulijibu walau nusu yake. Niliyoyapata ni mambo manne, na naomba uvumilivu wenu niyaeleze moja moja.

Jambo la kwanza ni kwamba wadudu wa mpunga si jamii moja, wala hawakai mahali pamoja. Yule aliyetia michirizi meupe katika majani yetu ni mdudu mdogo mweusi, mwenye miiba mgongoni, ambaye hukwangua jani, na watoto wake hula ndani ya jani lenyewe. Huyo huonekana kwa macho, na madhara yake huonekana upesi. Lakini yuko mwingine, naye ni mwizi wa usiku. Nondo hutaga mayai juu ya mpunga. Viwavi wakiisha kuanguliwa hutembea kwa muda mfupi tu, kisha hutoboa bua na kuingia ndani. Huyu ndiye kipekecha bua. Yuko pia nzi mmoja wa ajabu, ambaye macho yake yako katika ncha za vijiti viwili kama pembe, na funza wake hufanya kazi ile ile ndani ya mche.

Mpunga ukiwa mchanga, jani la katikati hukauka na kufa. Ukiwa umezaa, masuke husimama wima, meupe, na ukivuta suke moja lang'oka kwa urahisi, na ndani hamna punje. Mwaka jana tuliyaona masuke meupe ya namna hiyo katika mashamba tuliyoyapuliza. Wahenga husema, kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mpunga, kikulacho ki ndani ya bua. Dawa iuayo kwa kumgusa mdudu haimfikii kiwavi aliyekwisha jifungia ndani. Sisi tulipuliza juu ya mlango, na mwizi alikuwa amelala chumbani.

Ziko kweli dawa zinazoingia ndani ya mmea, lakini ni silaha za kutisha. Mojawapo ni kabofurani, ambayo zamani iliuzwa sana katika maduka ya Kenya. Watu wengine waliigeuza sumu ya kuulia simba, na katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, karibu na Ziwa Victoria, ndege walitegwa kwa sumu hiyo kisha wakauzwa kuwa kitoweo. Mwaka 2009 kampuni iliyokuwa ikiitengeneza ilitangaza kuiondoa katika maduka ya nchi hii. Dawa ambayo mtu aweza kuila katika nyama ya ndege si dawa ya kutiwa katika chupa za soda.

Tena kuna ugonjwa wa majani kuwa ya manjano na mmea kudumaa, ambao jirani zetu wa Tanzania wauita kimyanga. Ugonjwa huo ulionekana mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1966, katika mpunga wa karibu na Kisumu. Husababishwa na kirusi, na wadudu watafunao majani huuchukua kutoka shina hata shina. Ukimwua mdudu leo, shina lililokwisha kuugua halitapona. Dawa yake ni kung'oa mashina yaliyougua mapema, kusafisha shamba, kusafisha miundu na mikono, na kupanda mbegu yenye kustahimili.

Jambo la pili ni kwamba mpunga mchanga una nguvu kuliko tunavyodhani. Jani lililoliwa mapema si punje iliyopotea, kwa maana mmea huchipua majani mengine na machipukizi mapya. Huko Vietnam, katika nchi ya mto Mekong, mwaka 1994 ilianzishwa kampeni ya kuwaomba wakulima wasipulize dawa kwa ajili ya wadudu wala majani katika siku 40 za kwanza. Walitakiwa wajaribu kwanza katika kipande kidogo cha shamba, wapime wenyewe. Waliojaribu waliona mavuno yao hayakupungua, na fedha zikabaki mfukoni. Sisi tulipuliza katika juma la tatu. Majani yalipopona tuliisifu dawa, na huenda yangalipona bila dawa.

Jambo la tatu ndilo lililonishangaza kuliko yote: dawa iuayo kila kitu huanza kwa kuwaua rafiki zetu. Katika shamba la mpunga wamo buibui, kerengende, sisimizi, na nyigu wadogo mno, nao usiku na mchana huwinda adui zetu bila kudai ujira. Nchi ya Indonesia ilijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Serikali yao ililipa sehemu kubwa ya bei ya dawa, na wakulima wakapuliza bila hesabu. Lakini mdudu mmoja mdogo wa rangi ya kahawia, afyonzaye maji ya mpunga, alizidi badala ya kupungua. Wataalamu walipochunguza, waliona kwamba buibui na wawindaji wengine walikufa kwanza, na mayai ya yule adui, yaliyofichwa ndani ya mmea, yalisalimika. Yalipoanguliwa hapakuwa na mlinzi. Novemba 1986 Rais Suharto alitoa amri ya kukataza aina 57 za dawa katika mpunga, na baadaye ile fedha ya kupunguza bei ya dawa ikaondolewa. Wakulima wakafundishwa kuingia shambani na kutazama kabla ya kupuliza. Mavuno ya mpunga ya nchi hiyo hayakuanguka kwa sababu ya amri ile.

Wala tusidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Katika pwani yetu yuko kipekecha bua aliyetoka Asia, ambaye huharibu zaidi mahindi na mtama, na hula mpunga pia. Mwaka 1993 wataalamu wa ICIPE, taasisi ya wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walimleta nyigu mdogo kutoka Pakistan, wakamwachilia hapa pwani. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, na watoto wake humla kiwavi hata afe. Nyigu yule alistawi na kuenea. Basi fikirini, wazee wangu: wataalamu wamemtafuta mlinzi wetu kwa safari ya mbali, nasi twamnyunyizia sumu asubuhi na mapema.

Jambo la nne ni kwamba dawa haikai pale tulipoipuliza. Maji ya bondeni hayana kikomo cha mpaka. Yatelemka mtoni, na mto waingia katika hori na bahari. Humu ukumbini wamo wavuvi wa Mtongwe na wa Port Reitz, nao wajua kwamba kamba na samaki wachanga hukulia katika mikoko. Dawa nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa mfano wa pareto, na ingawa yasemwa kwamba hizo ni nafuu kwa binadamu kuliko dawa nyingi za zamani, kwa samaki na kamba ni sumu kali kabisa.

Wazee wetu wanaikumbuka D.D.T. Nguvu yake ya kuua wadudu ilijulikana mwaka 1939, na Paul Müller wa Uswisi, aliyeigundua, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Ulimwengu mzima uliishangilia. Mwaka 1962 Bibi Rachel Carson wa Marekani aliandika kitabu cha kuonya kwamba sumu za namna hiyo hudumu katika udongo, na katika miili ya ndege na samaki. Na mwaka 2001 mataifa yalikubaliana huko Stockholm kwamba D.D.T. isitumike tena katika kilimo, bali ibakizwe kwa vita dhidi ya mbu wa malaria na wadudu wengine wachukuao maradhi. Toka kushangiliwa hata kukatazwa ni miaka zaidi ya hamsini. Wenye elimu kubwa walichukua muda mrefu hivyo kujua walichokuwa wamekishika mkononi. Sembuse mimi na chupa zangu tano.

Sasa naomba niseme habari ya shangazi yangu. Siku ile ya kupuliza yeye peke yake alikataa dawa isiingie katika konde lake. Alisema, "Mwanangu, bata wangu wanywa maji haya. Kama dawa yenu yaua kila kitu, na bata je?" Nilimwona ni mama mkongwe asiyependa maendeleo, ijapokuwa heshima ilinizuia kumwambia hivyo. Kila siku alfajiri alipita kondeni mwake, akang'oa miche iliyokufa kati, akakusanya majani yenye mayai, akayafukia. Wakati wa mavuno tulipima kwa pishi. Konde lake halikupungukiwa na makonde ya jirani zake tuliyoyapuliza, lilizidi kidogo. Sisemi kwamba konde moja latosha kuwa ushahidi, maana huenda udongo wake ni mwema zaidi. Nasema tu kwamba sisi tulitumia fedha za chama, tukamlaza kijana hospitali, na hatukumshinda mama mmoja mwenye macho mazuri na subira.

Najua wako watakaosema, "Karani amesoma sana, mwenye njaa hangojei kitabu." Neno hilo lina haki yake. Mtu akiona shamba lake lote linaliwa hawezi kuketi akihesabu buibui. Nami sisemi kwamba dawa ni haramu. Iko siku ambayo wadudu wamezidi, walinzi wa shamba wameshindwa, na dawa iliyochaguliwa vema, kwa kipimo chake na kwa wakati wake, huokoa mavuno. Nisemalo ni kwamba dawa iwe ya mwisho kuitwa, kama vile daktari wa kupasua huitwa mwisho. Na akiitwa, aje na jina lake.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba shauri lililo mbele yetu libadilishwe, na mahali pa kununua dawa kwa wingi mkutano huu ukubali mambo matatu.

Kwanza, kila bonde lichague wakaguzi wawili miongoni mwa mama zetu. Kila juma wapite shambani, watazame mashina 20, mengine pembeni na mengine katikati, waseme wameona nini: mayai, majani yaliyokwanguliwa, miche iliyokufa kati, na pia buibui. Mimi nitayaandika watakayoyasema. Nauli yao ya kwenda kujifunza katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa itoke katika mfuko wa chama.

Pili, wenye mashamba katika bonde moja wapatane kupanda katika majuma mawili yale yale, ili wadudu wasipate chakula kibichi mwaka mzima kwa kuhama konde hata konde. Baada ya mavuno mabua yasiachwe yamesimama, kwa maana viwavi hulala ndani yake wakingoja masika. Yakatwe chini, kisha yalimwe na kufukiwa.

Tatu, ikiwa bwana shamba ameona na kuamua kwamba dawa yahitajika, basi iwe dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Serikali iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982, katika chombo chake cha asili kilichofungwa, chenye kibandiko. Mpulizaji avae viatu vya mpira, mifuko ya mikono, nguo za mikono mirefu na kitambaa maalumu cha kufunika pua na mdomo; asipulize penye upepo, wala kando ya mfereji na mto. Siku za kungojea kabla ya kuvuna, zilizoandikwa katika kibandiko, zitimizwe. Chombo kikiisha kisuuzwe mara tatu, maji hayo yarudi katika pampu, kisha chombo kitobolewe, kisije kikatiwa mafuta ya kula au maji ya mtoto. Na mtu akianza kutoka jasho na mate, au kutapika, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, akimbizwe hospitali, na chombo chenye kibandiko kiende pamoja naye. Fedha za chama zinunue mavazi hayo kwanza, kabla ya tone moja la dawa.

Wazee wangu, huenda mwaka ujao tukapoteza masuke kadhaa ambayo dawa ingaliyaokoa. Nalikubali hilo mbele yenu, ili baadaye asiseme mtu kwamba nilificha. Lakini suke lililopotea hupandwa tena masika yakirudi. Kijana yule alipolala juu ya kitanda cha hospitali, baba yake alinitazama bila kusema neno, nami nilijua mimi ndiye niliyemtuma mwanawe kubeba kitu nisichokijua jina.

Nimekwisha kununua daftari jipya kwa fedha zangu mwenyewe, nami naliweka hapa mezani. Kila ukurasa una mistari ya kujazwa: jina la dawa, namba yake ya usajili, shamba la nani, nani aliyepuliza, siku gani, na ni mdudu gani aliyeonekana kwanza. Ikiwa mstari mmoja hauwezi kujazwa, dawa isitoke katika sanduku. Naomba mkutano huu uliidhinishe daftari hili kuwa mali ya chama, na Katibu atie sahihi ukurasa wa kwanza kabla hatujaondoka.